Thina mezani kwa watoto hapana, mwani na shabu tunavyo hapa hapa

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi, na hongereni kwa kuurudisha ukurasa wa kazi za mikono, wengi tulikuwa tunausubiri. Ila kuhusu ile makala ya kutengeneza karatasi za marumaru nyumbani, zile ambazo rangi inaelea juu ya maji, unalaza karatasi kisha unainyanyua na michirizi yote, naomba nafasi kidogo, maana mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa Mjini Unguja na karatasi hizo ndo nazibandika ndani ya majalada ya misahafu na juzuu za madrasa zinazoletwa kwangu zimechanika. Mwandishi wenu kawapa watu njia mbili tu, ama wachukue rangi ya mafuta ya kopo na thina kwa kuwa ni rahisi, ama mwenye uwezo aagize boksi onlaini kutoka nje lenye kila kitu ndani. Hapo katikati kapavuka, na hapo ndo penye mambo yenyewe.

Nianze na thina maana ndo iliyonifanya nishike kalamu. Ni kweli rangi ya mafuta inaelea kwenye maji matupu, haitaki ute wa kuyafanya maji mazito wala dawa ya kuifanya karatasi ishike rangi, unadondosha unakoroga unalaza, basi, na ndo maana video nyingi zinaonesha hivyo. Lakini video haina harufu. Nyumba zetu nyingi chumba ndo sebule na sebule ndo jiko, mkaa unawaka pale pembeni halafu watoto wanne wameinamia beseni lenye thina, jamani! Mvuke wake unashika moto na unapanda kichwani. Halafu kuna habari ya risasi, hii madini, maana rangi za mafuta hasa za njano na nyekundu ndo zimezoeleka kuwa nayo, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanashauri isizidi sehemu 90 kwa milioni na WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Sasa kopo lililobaki tangu mlango upakwe enzi hizo, nani anajua lina kiasi gani, na mtoto akishashika rangi kidole kinaenda mdomoni. Na hayo maji yenye mafuta mkimaliza mnamwaga wapi, kwenye mtaro?

Mtu mzima mwenye kibaraza cha wazi anayejua anachofanya, afanye, simkatazi. Ila kuiandika kwenye ukurasa wa watoto wakati wa likizo hapana.

Na wala mafuta sio asili ya kazi hii. Waturuki wanaiita ebru, UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014, na wao rangi zao ni udongo na madini yaliyosagwa na maji, yakatiwa nyongo ya ng'ombe ili rangi itanuke, yakanyunyizwa juu ya maji mazito yaliyotiwa kitre, ambayo ni utomvu wa kichaka, kwa brashi ya nywele za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye kijiti cha mwaridi. Wazungu walipoichukua wakaja kutumia mwani badala ya kitre, na yule fundi wa Budapest, Josef Halfer, karne ya 19, ndo aliyeusimamia huo mwani mpaka mafundi wengi wa vitabu Ulaya wakautumia. Hata Marekani mwaka 1775 walipotoa noti zao za kwanza, ile ya dola 20 Benjamin Franklin aliitafutia karatasi yenye ukingo wa marumaru ili isighushiwe, kwa sababu huwezi kupata mbili zinazofanana hata ufanyeje. Yote hiyo ni rangi ya maji. Mwani, nyongo, na shabu, ile ya kinyozi.

Sasa mwani, Mhariri, ndo nikaona makala yenu imeandikwa kama vile hatuishi kisiwani. Lile boksi la kuagiza ndani yake kuna pakiti ya unga mweupe unaokorogwa kwenye maji, vijiko viwili vya chakula kwa kama lita nne, na unga huo unaitwa karajinani, unatolewa kwenye mwani. Huku Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, mbegu ilitoka Ufilipino, kinamama wanashinda kwenye maji na vigingi na kamba zao, wanaanika, unafungwa kwenye magunia unapakiwa melini. Unaondoka kwa bei ya kutupwa halafu mnatushauri tuununue umerudi kwenye pakiti yenye picha nzuri!

Kwa hiyo hivi ndo nafanya mimi. Natafuta spinosum mkavu, sio cottonii, hizi ni aina mbili za mwani, na hapa msikilize vizuri maana ndo watu wanapokata tamaa. Cottonii ukiuchemsha ukapoa unaganda kabisa unakatika kwa kisu, mzuri kwa jeli ya kula, kwa rangi haufai. Spinosum unatoa ute laini unaovutika. Unauosha mara nyingi mpaka chumvi yote itoke, unauloweka usiku kucha, asubuhi unauchemsha moto mdogo huku unakoroga mpaka ulegee, unachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu ukiukamua, na kama mzito unaongeza maji ya moto mpaka uwe kama uji mwepesi wa mgonjwa. Halafu unauacha mpaka kesho yake mapovu yatoke yote, usiwe na haraka, maana kila kipovu kilichobaki juu kitakuachia tundu jeupe kwenye karatasi.

Maji yawe ya mvua. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu visima vyetu viko kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yamejaa chokaa, na ute wa spinosum ukikutana na chokaa unaanza kushikana mabongebonge, ukipitisha kijiti rangi inakatika vipande badala ya kuvutika. Mtu wa bara mwenye maji laini anaweza asilione kabisa tatizo hili, sisi huku linatukuta. Kinga ndoo mvua ikinyesha, weka.

Asiye na mwani atumie wanga, ule wa kupigia nguo pasi unaopikwa, au gundi ya unga ya kubandikia karatasi za ukutani ile ya selulosi, ziko kwenye baadhi ya hadiwea. Zinakubali ila michirizi haiwi mikali, chanuo la kuchorea michirizi ukilipitisha mistari inavimba. Kwa mtoto anayejifunza inatosha kabisa. Na lile povu la kunyolea ndevu ambalo kila mtu sasa hivi analiposti, sawa, linafurahisha, linafanya karatasi moja ya kadi ya sikukuu, lakini sio kitu cha kubandika kwenye kitabu.

Karatasi. Hapa nina ugomvi na makala yenu moja kwa moja, maana imesema karatasi yoyote nyeupe ya A4 ya fotokopi. Jaribuni nyie wenyewe halafu mniambie rangi ilibaki au iliteleza yote ulipoisuuza. Sababu ni kwamba rangi ya maji haishiki kwenye karatasi peke yake, inataka shabu, hii hii ya kinyozi, inauzwa madukani Darajani kwenye dawa za asili na hata bara utaipata, ndo inayoifunga rangi kwenye nyuzi za karatasi. Na karatasi nyingi za fotokopi siku hizi zimejazwa unga wa chokaa ili ziwe nyeupe na zisiwe njano haraka, sasa chokaa na shabu ni maadui, chokaa inaila shabu yote kabla rangi haijafika. Utapaka shabu mpaka kesho. Ukitaka kujua karatasi yako ni ya aina gani, chukua kipande, kidondoshee siki au ndimu, kisogeze karibu na jicho kwenye mwanga, ukiona vipovu vidogo vinachemka basi ina chokaa, iache.

Mimi nachukua khaki, ile ya kuvalisha madaftari ya shule. Bei yake ndogo, inastahimili maji bila kuchanika na rangi juu yake zinatulia zinakuwa na heshima fulani hivi, nyeupe na bluu iliyokoza kwenye khaki ni kitu cha kuangalia. Karatasi ya kuchorea isiyong'aa nayo nzuri ukishaijaribu kwa ndimu. Zinazong'aa kama za kalenda zote hapana.

Shabu ipondwe, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu, ipoe, upake kwa sponji upande mmoja tu taratibu bila kuacha pengo, maana palipokosa shabu patatoka weupe wenye umbo la kosa lako. Weka alama ya penseli nyuma ujue upande upi. Ianike, ikikauka iweke chini ya kitabu kizito inyooke, na uitumie siku hiyo au inayofuata, sio uweke rundo la mwezi mzima, kwani shabu ina uchachu na ukiiacha inaifanya karatasi ikatike kama jani kavu. Ndo maana nami nikishatoa rangi nasuuza vizuri, kitabu cha mtu hakitaki tindikali ndani.

Rangi zenyewe haziwi shida sana. Akriliki za chupa zilizoko kwenye maduka ya steshenari zinafaa, zile ndogo za bei ya chini nazo zinafaa, unazipunguza kwa maji ya mvua mpaka zidondoke matone bila kunyooka uzi. Posta kala za shuleni zinazama kwa sababu zimejaa unga, ila zikitiwa nyongo kidogo baadhi zinakubali. Rangi ya ukutani ya maji, ya ndoo, inazama yote, msihangaike nayo. Rangi ya chakula haifanyi kitu, inayeyuka ndani ya ute na kuuharibu. Usinunue kopo kumi, nunua tano, nyeupe iwemo, maana nyeupe ndo inayozitenganisha nyingine, na nyeusi uitie mwanzo kwenye ute ili nyingine ziisukume iwe mishipa.

Kila rangi ijaribiwe peke yake kwenye bakuli la ute kabla ya kuanza kazi. Tone likizama, tia maji kidogo au tone la nyongo. Likitanuka kama kiganja hivi, hapo pazuri. Likikimbia mpaka ukingoni na kuwa kivuli tu, umezidisha. Nyongo mwambie muuza nyama akuwekee, wengi wanaitupa, unaichemsha unaichuja unatia spiriti kidogo na kuifunga kwenye chupa yenye maandishi, na tafadhali isikae kwenye friji la chakula, mke wangu ameshalisemea hilo na ana haki. Asiyeitaka nyongo atumie sabuni ya maji ya vyombo iliyochanganywa na maji mengi, tone moja moja kwa kijiti, kwani sabuni ikizidi rangi zote zinatawanyika huwezi kuzirudisha.

Vifaa vya mkononi sitaki hata kuvijadili sana, maana hivyo kwenye boksi ndo vinavyowapandishia bei na ndo vya bure kabisa. Sinia la plastiki lenye kingo za vidole vitatu au trei ya kuokea, iwe kubwa kidogo kuliko karatasi. Njiti za ufagio wa chelewa zikifungwa pamoja zinanyunyizia rangi vizuri, Wazungu nao wanatumia vifagio vidogo hivyo hivyo. Chupa ya dawa ya macho iliyooshwa kwa matone makubwa. Chanuo unatengeneza kwa vijiti vya meno ulivyovipachika kati ya vipande viwili vya kadibodi, nafasi ya sentimita moja moja, ukitaka michirizi myembamba unatumia pini. Na kabla ya kila karatasi mpya unapitisha ukanda wa gazeti juu ya ute ukusanye rangi iliyobaki na vumbi, na hapa naomba radhi Mhariri lakini gazeti lenu ndo zuri kuliko yote kwa kazi hiyo, karatasi yake inanyonya haswa.

Kulaza karatasi ndo panapotaka mkono. Shika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, iache katikati ishuke kwanza halafu shusha pembe taratibu, usirudi nyuma, usisogeze. Ukisita kidogo unapata mstari mweupe umekatisha karatasi nzima. Nyanyua, suuza kwa maji kidogo ya kumiminia, anika kwenye kamba.

Ombi langu ni dogo. Kwanza wiki ijayo mweke hata mistari mitatu kwenye ukurasa ule kuwaambia wazazi thina na rangi za mafuta zisitumike ndani wala na watoto, maana likizo haijaisha na kuna watu wameshanunua. Pili mwandishi wenu afike Paje awaulize kinamama kama wanaweza kuuza spinosum mkavu kwa robo kilo kwa walimu na mafundi, wapo tayari wanaosaga mwani kwa ajili ya sabuni kwa hiyo kupima na kufunga vipakiti sio jambo geni kwao, na bei waitaje wao. Mimi wa kwanza nitanunua, na najua walimu wawili watatu wa sanaa ambao watanifuata.

Fundi vitabu,
Mjini Unguja