Kituo cha kuokoa au stoo ya kobe?

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili maana wiki ya tatu sasa linanikaa rohoni.

Wanangu waliokota kobe kipindi cha masika tukakaa nae kama miaka minne hivi, anakula mchicha na majani ya uani, basi tulipohamia nyumba ya kupanga isiyo na uwanja nikaambiwa kuna baba mmoja hapahapa Dar anaokoa kobe, nyoka, kenge, vinyonga, chochote kinachotambaa anapokea na hela hataki. Nikampelekea. Nilijiona nimefanya la maana kweli.

Baada ya miezi miwili nikasema ngoja nikamsalimie. Jamani! Harufu unaipata getini. Kobe wamejazwa kwenye mabeseni na madumu yaliyokatwa, stoo ya bati haina hata dirisha, nilihesabu hadi 31 nikaacha. Chakula ugali na mkate wa kulowekwa. Nikamshika mmoja gamba likabonyea kama chupa ya maji, daktari wa mifugo tunaesali nae akanieleza baadae kwamba kobe asipopata jua mwili hautengenezi vitamini D, kalsiamu haishiki, gamba linalainika na miguu inapinda, na wala usimweke nyuma ya kioo cha dirisha ukadhani umemwotesha jua maana ule mwale anaouhitaji kioo kinauzuia. Vinyonga saba tenga moja na kibakuli cha maji, wakati kinyonga analamba matone kwenye majani na mwenzie hataki hata kumuona. Chatu kajaa utitiri. Kwenye kona kulikuwa na kobe wawili wale bapa wa kwenye nyufa za mawe, hao wanataga yai moja moja tu na tangu 2019 biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku, mmoja alikuwa ameshakufa na hakuna aliyejua.

Na yule baba sio katili, ndo kinachoniuma. Kila mmoja kampa jina. Nikiwa palepale bodaboda akaleta boksi lingine, akalipokea huku anatafuta pa kuliweka na pa kuliweka hapana! Nikamuomba wangu, akanijibu "dada, mimi nikishapokea sitoi, huko nje watamuua."

Sasa mtasema si uende TAWA, wale wa mamlaka ya wanyamapori. Niende nikaseme nini? Sheria ya Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kufuga kobe wa porini bila kibali na mimi kibali sikuwahi kuwa nacho, kwahiyo nikimchongea yeye najichongea mwenyewe, na nina uhakika wengi waliopeleka pale wamenyamaza kwa hilohilo. Ndo maana naandika. Wahusika watuwekee utaratibu mtu amkabidhi mnyama bila kuogopa pingu, na hizi nyumba zinazojiita vituo zikaguliwe, zipangiwe mwisho wa idadi kulingana na nafasi na daktari awe anapita. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, sijui inasubiri nini.

Wangu yuko beseni la bluu, la pili kutoka mlangoni, gamba lina alama ya rangi ya kucha nyekundu aliyopakwa na binti yangu. Atakaeenda kukagua amtoe nje apate jua kwanza.

Mama wa watoto wawili,
Dar es Salaam