Mto Unalindwa Kwenye Banio: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Watumia Maji

Ndugu wanachama, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, ndugu wafugaji mlioitikia mwaliko, na wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji mlio pamoja nasi, nawasalimu nyote.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini baada yangu. Muda wangu nitautumia karibu wote kwa jambo moja: hatua ambazo serikali imechukua kulinda mito ya Usangu, na wajibu unaotuangukia sisi tuliopewa mto huu tuutunze.

Mito yetu inashuka kutoka nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Mufindi, inaingia tambarare ya Usangu, inakusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha inatokea Ng'iriama, mlango wa ardhioevu hiyo, ikiwa mto mmoja, Ruaha Mkuu. Kutoka hapo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalitiririka hifadhini masika na kiangazi. Tangu 1993 mto umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, viboko na mamba wakibanana kwenye madimbwi. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka huo wanadhani ndivyo mto ulivyoumbwa. Sivyo, na nawaomba wazee mlioko hapa muwaeleze hivyo majumbani.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi akiwa London kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ikaja Sera ya Maji ya 2002, iliyopanga foleni waziwazi: maji ya kunywa na ya nyumbani kwanza, maji ya mazingira pili, shughuli nyingine zote nyuma yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11, ambayo ndiyo msingi wa vibali vyetu na wa jumuiya kama hii.

Mwaka 2010 ulipita, na mto ukaendelea kukatika.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu. Kuhamisha watu ni hatua inayoonekana. Malori yanapita, ng'ombe wanaswagwa, magazeti yanaandika, na familia nyingi ziliumia; wengine wao ni majirani zetu na wamekaa nasi leo. Lakini kama ng'ombe wa Ihefu wangekuwa ndiyo sababu kubwa, mto ungerudi walipoondoka. Maji yalikuwa yanapungua kabla hayajafika Ihefu. Yalikuwa yanachepushwa huku kwetu, kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kugeuzia maji ya mto mferejini, katika miezi ambayo shambani hakuna hata shina moja la mpunga.

Mnajua banio la zamani lilivyokuwa: mawe, magogo, matawi na udongo. Lilivuja usiku na mchana, na mafuriko ya masika yakija lilibomoka. Usumbufu ule ulikuwa na faida yake, kwani kilichovuja ndicho kilichokuwa mto wa walio chini yetu. Kisha zikaja skimu zilizoboreshwa, zenye zege na geti la chuma. Ni maendeleo, na mimi ni mmoja wa walionufaika. Ila zege haivuji. Kiangazi, mto ukiwa mwembamba, banio la kisasa linaweza kuuingiza karibu wote mferejini. Uboreshaji ulikuja na geti bila kuja na kipimo wala ratiba, na ninaamini huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote katika juhudi za serikali kwa miaka hiyo.

Niseme na la Mtera, kwa sababu umeme ukikatika lawama hushushwa Usangu. Kidatu ina uwezo wa megawati 204 na Mtera 80, na bwawa la Mtera kwa sehemu kubwa hujazwa na mafuriko ya masika, yanayotoka kwetu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji yetu ya kiangazi ni kidogo mno kulijaza bwawa lile. Lakini maji hayohayo kidogo yanatosha kuhuisha mbuga, samaki, wanyama, na vijiji vilivyo chini yetu. Kwa hiyo tusijitetee kwa hoja ya umeme tukadhani tumemaliza kesi. Wanaoumia kiangazi wapo, na tunawafahamu.

Katika mwaka huu kamati ilifanya kazi kubwa ya kuwarudisha watu kwenye zamu za kumwagilia. Maji ya kitalu cha mbegu ni kidogo sana ukilinganisha na maji ya kulowesha majaruba yote, lakini mazoea yetu yamekuwa kufungua geti wazi kabisa ili bibi mmoja aliye mwisho wa mfereji apate ya kitalu. Sehemu zilizokubali kuweka vitalu pamoja karibu na banio, maji yalitosha bila kuukausha mto. Sehemu zilizokataa, ugomvi wa usiku uliendelea kama kawaida. Nawashukuru wasimamizi wa mifereji, ambao wamelala nje na kutukanwa kwa ajili ya maji ya watu wengine.

Kilimo shadidi nacho kimeanza kueleweka. Kupandikiza miche michanga, mmojammoja kwa nafasi, na kuacha jaruba likauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, kunahitaji ardhi iliyosawazishwa na palizi ya mapema. Si kazi nyepesi. Wanaoiweza wanavuna vizuri kwa maji machache, na ningependa mashamba yao yawe darasa letu msimu ujao.

Kuhusu mita 60, mipaka inafahamika na wengi wanaiheshimu. Kinachobaki ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya kando ya mto na milingoti (mikaratusi) iliyopandwa juu ya chemchemi. Milingoti inyofolewe na mahali pake ipandwe mivengi na mikuyu. Vinyungu ni jambo gumu zaidi, maana ndivyo vinavyolisha nyumba nyingi miezi ya njaa. Siafiki mtu kufyekewa mboga zake asubuhi moja bila kuonyeshwa pa kwenda. Naafiki kamati, serikali ya kijiji na wenye vinyungu wakae, wapange maeneo mbadala na tarehe ya mwisho ya kuhama, kisha tarehe hiyo ifuatwe bila kumwangalia mtu usoni.

Kwa wataalamu wa Bonde nina ombi moja, na nalisema kwa heshima. Kipimo kiwe kimoja. Shamba kubwa lenye kibali lipimwe maji yake getini sawasawa na mkulima wa ekari moja, na vipimo hivyo vibandikwe mahali wanachama wanaweza kuvisoma. Mkulima mdogo atafunga geti lake kwa moyo akiona la jirani mkubwa nalo limefungwa.

Ninaleta maazimio mawili mbele yenu. La kwanza: baada ya mavuno, mabanio yote ya jumuiya yafungwe hadi msimu wa vitalu, yaachwe maji ya matumizi ya nyumbani tu. La pili linalibeba la kwanza: vitongoji vingi vya mwisho wa mifereji vinakunywa maji hayohayo ya mfereji, hivyo geti likifungwa kabisa watu watakosa maji ya kunywa. Kamati ipewe idhini ya kupeleka RUWASA, wakala wa maji vijijini, maombi rasmi ya visima kwa vitongoji hivyo, na jumuiya ichangie nguvukazi. Pale ambapo kisima hakijachimbwa, geti lisifungwe kabisa; liachwe upenyo unaokubaliwa na Bonde.

Naomba yajadiliwe kwa mpangilio huo, la pili kabla ya la kwanza ikiwa wajumbe mtapenda, na kura ipigwe kwa mikono.

Naomba kuwasilisha.