Kanga si ukuta: tuchangie chumba cha uzazi

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Salamu ni tatu kwa sababu wanaowaandikia ni kina mama wa parokia, wa msikitini na wa kanisa la jirani, tuliokaa chini ya mwembe wa zahanati Jumamosi tatu mfululizo mpaka tukawa na neno moja. Tunawaandikia wana Ukerewe popote mlipo: kisiwani, Mwanza, Geita, Dar es Salaam na ng'ambo. Tunaomba mtushike mkono tumalize chumba cha kujifungulia cha zahanati ya kijiji chetu. Lengo ni shilingi milioni 18. Mkononi tunazo 4,350,000, msingi umeshajengwa kwa mawe ya hapa hapa, na mchanga tripu saba umeshamwagwa.

Kwanza mjue chumba cha sasa kilivyo. Kina vitanda viwili vya kujifungulia, na nafasi iliyopo kati yake haizidi hatua mbili. Hapo katikati imefungwa kamba ya manila kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, na juu ya kamba hutundikwa kanga. Kanga hiyo ni ya mama mwenyewe aliyekuja kujifungua. Mtoto akitoka, kanga inashushwa imfunike, na pazia limekwisha. Aliyeko kitanda cha pili anabaki wazi kama alivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu aliletwa binti wa miaka 19, mimba ya kwanza. Kitanda cha pili alikuwapo mke wa baba mdogo wa mumewe, yaani mama mkwe wake mdogo. Wenyewe mnajua maana yake. Mtu ambaye humpishi njia bila kuinama, leo mlale mmevua nguo, kamba ya manila katikati yenu. Kanga iliposhushwa, binti aliomba kutoka nje, akasema uchungu umepoa. Haukuwa umepoa. Alijifungulia barazani, kwenye saruji, nesi akikimbia na tochi mdomoni. Mungu ni mwema, mama na mtoto wako hai. Lakini tulipokwenda kumpa hongera alituambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mtoto wa pili atamzalia nyumbani kwa bibi yake.

Neno hilo ndilo lililotukalisha chini ya mwembe.

Tunayo sababu ya kushukuru kabla ya kuomba. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba kina mama 556 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika kipindi hicho hicho, waliokuwa wanajifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vituo vimejengwa, na siku hizi ipo huduma ya m-mama: unapiga 115 bila malipo, na mama mwenye dharura anatafutiwa usafiri wa kumfikisha hospitali. Sisi wa visiwani, ambao zamani tulisubiri kupambazuke ili ziwa litulie, tunajua ukubwa wa jambo hilo. Ila asilimia 19 waliobaki nyumbani nao ni watu, na yule binti anataka kuwa mmoja wao. Zahanati iko dakika kumi kutoka kwao. Umbali si sababu yake, aibu ndiyo sababu.

Na nyumbani, damu ikimtoka, nani atapima? Kwa kweli hata zahanati ilikuwa haipimwi. Damu inanywewa na kanga, nesi anakadiria kwa macho, na macho ya mtu aliyekesha yanakosea. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Mama akishajifungua anawekewa chini yake shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari. Damu ikifika kwenye alama, nesi anaiona hapo hapo, naye anafanya mambo yote kwa mkupuo bila kusubiri moja lishindwe ndipo ajaribu jingine: anakanda tumbo, anachoma sindano ya kukaza mji wa mimba, anatoa dawa ya kusaidia damu kuganda, anaweka dripu, anachunguza damu inatoka wapi. Mahali walipofanya hivyo, kina mama waliovuja damu nyingi ya hatari, au kupasuliwa au kufariki kwa sababu yake, walipungua kwa asilimia 60. Hapo hamna mtambo wa mamilioni. Kuna shuka lenye mistari, na mtu aliyefundishwa kuitazama.

Sindano nayo ina masharti yake. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili, dawa inakaa kwenye joto, nguvu inapungua, na rangi inabaki ile ile. Nesi anachoma akiamini amechoma dawa. Ndiyo maana kwenye mchango huu tumeweka umeme wa jua na friji ndogo, ingawa kuna waliotuuliza friji inahusiana nini na kuta.

Mimi niliyepewa kalamu na kamati nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka 2007, mbali na hapa. Sikupanga kuyaandika haya, wenzangu ndio walionisihi. Usiku ule nilipolia, muuguzi alinipiga kofi la paja akaniuliza, "Ulipokuwa unaitafuta ulilia hivi?" Wengine chumbani walicheka, nadhani kwa kuogopa kuwa wa pili. Nilinyamaza. Nilinyamaza hata nilipohisi nimechanika na kitu cha moto kinanishuka, kwa sababu nilishaambiwa sauti yangu ni aibu. Walikuja kugundua alfajiri, godoro limeloa. Niliongezewa damu chupa mbili na nikapona. Kwa hiyo mtu anaponiambia tuanze na usalama, mambo ya heshima yatafuata fedha zikipatikana, huwa sielewi anagawa kitu gani. Mimi nilikuwa navuja damu mita tatu kutoka kwa muuguzi na sikuthubutu kumwita.

Nesi wetu wa sasa si wa namna hiyo, na tunataka mlisikie hili kwetu wenyewe. Usiku yuko peke yake. Tulipomuuliza kama naye huwa anawapandishia kina mama sauti, hakuficha. Alisema, "Nikiwa na wawili na tochi moja, yule ninayemwacha gizani nampandishia sauti ajue nipo." Kisha akatuomba taa, si kiti wala posho. Maji anachotewa na mgonjwa mwenyewe au ndugu yake, kutoka ziwani, kwa ndoo ya kichwani. Mtu anayefanya kazi hivyo miaka sita bila kuondoka anastahili tumjengee mahali ambapo upole hautamgharimu.

Liko na jambo la ndoo. Serikali imetamka kwamba huduma kwa mama mjamzito katika vituo vya umma ni bure, nasi tunalishukuru hilo. Lakini vifaa vikiisha stoo kabla ya mgawo mwingine kufika, mama huambiwa aje na vyake: glovu, pamba, wembe mpya, kibano cha kitovu, mpira wa kutandika, sabuni, kanga safi. Mke wa mwenye mitumbwi anakuja na beseni jipya limejaa, na doti mbili za kanga juu. Mke wa kibarua wa kuanika dagaa anakuja na mfuko wa rambo, ndani kuna wembe na kitenge kilichochakaa. Hakuna anayemfukuza. Lakini wa rambo ndiye anayechelewa kutoka nyumbani, uchungu umeshamkolea, kwa kuogopa swali la "viko wapi vyako?" Tumeamua zahanati iwe na ndoo zilizokwishajazwa, zote za rangi moja, zenye vitu vile vile, na kila anayekuja kujifungua apewe moja bila kuulizwa ana nini au mumewe ni nani. Wako wafadhili wawili waliotaka majina yao yaandikwe kwenye ndoo. Tuliwashukuru tukakataa, kwa sababu mama akipita kijijini na ndoo yenye jina la mtu, kila mmoja atajua ni nani aliyesaidiwa.

Chumba tunachojenga kitakuwa na vyumba vidogo vitatu, kuta za tofali hadi juu, kila kimoja na mlango wake. Faida moja ya ukuta wengi hawaifikirii. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa huduma wakati wa kujifungua mwaka 2018, lilishauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye muda wote wa uchungu. Kwetu hilo haliwezekani leo, maana mume akiingia kwa mkewe amemwona na mke wa mwenzake. Kukiwa na ukuta ataingia mume, au mama, au shangazi, amshike mkono, amnyweshe uji, na aite nesi akiona kuna jambo. Bibi wa yule binti, ambaye amezalisha watoto wa kijiji hiki tangu kabla ya zahanati kuwapo, amekubali kuja kukaa na mjukuu wake humo ndani. Binti mwenyewe bado hajatujibu. Amesema kwanza aone mlango.

Hesabu ni hii. Kuta, paa, milango na sakafu ni milioni 11. Tanki la lita 5,000 pamoja na choo na bafu ambavyo mama atavifikia bila kukatiza ua ni milioni 2.9. Umeme wa jua na friji ni milioni 3.1. Milioni moja ni ya ndoo na mashuka ya kupimia damu kwa kuanzia. Ramani tumepewa na halmashauri, na mafundi ni wa hapa kijijini. Fedha zote ziko benki, hazitolewi bila sahihi tatu, moja ya kila nyumba ya ibada, na kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Mwenye shaka aje asome.

Tunajua mmechangishwa sana. Lakini kisiwa chetu kinajua mchango unavyoweza kugeuka jengo. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuondoka na ndugu zetu zaidi ya 200, rambirambi zilitoka kila pembe ya nchi, na fedha iliyobaki ikatumika kujenga majengo ya kituo cha afya Bwisya.

Siku ya harambee ni Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya misa ya pili, uwanja wa shule ya msingi. Kutakuwa na mnada wa kuku, machungwa na mikeka, na kwaya na kaswida zitapokezana. Njoo na ulichonacho: elfu mbili, tofali, mihogo, siku moja ya kibarua chako. Walio mbali watumie kwa simu kwa namba iliyo kwenye kadi ya mchango, kisha wamwandikie mweka hazina ujumbe wenye jina ili wapelekewe risiti. Ahadi tunapokea, ila tunaomba itimizwe kabla ya mvua za masika, kabla kuta hazijakaa nje bila paa.

Kina baba wa mwaloni, hili ni lenu moja kwa moja. Saruji mifuko 40 imeshanunuliwa na ndugu zetu wa Mwanza na iko stoo Kirumba. Boti zinazopeleka dagaa soko la Mwaloni, hapo hapo Kirumba, hurudi zikiwa na nafasi. Nahodha anayeweza kuvusha hata mifuko mitano kwa safari apite kwa mwenyekiti wa kamati, nauli yake itaandikwa kwenye daftari kama mchango kamili. Vijana wa kwaya na wa madrasa watakuwa ufukweni kuipokea saa yoyote mtakayofika, hata usiku wa manane. Tupigieni tu mkiwa mnakaribia, tuwashe karabai muione nchi kavu.