Nimefiwa na mtoto niliyemtunga, nianueje tanga?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Naandika riwaya za mfululizo. Wasomaji wananilipa kidogo kidogo kwa simu, nami nawatumia sehemu mpya kila wiki kwenye kundi la WhatsApp. Hii ya sasa inahusu meli iliyozama ziwani. Wahusika wote nimewatunga, lakini huku kwetu hakuna asiyejua inatoka wapi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu. Mama yangu mdogo alikuwamo, na hakuonekana. Pale Igoma kuna makaburi ya waliopatikana. Mama huwa anakwenda kusimama pale, maana hana pengine pa kusimama.

Sasa nimefika mahali ambapo mama wa kwenye riwaya anaitwa kumtambua mwanawe. Uso haumsaidii. Anamjua kwa shati: kifungo cha pili kutoka juu alikishona usiku wa kuamkia safari, kwa uzi mwekundu, kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Tangu niliandike hilo sili vizuri. Nashtuka usiku wa manane, naenda kusikiliza kama wanangu wanapumua. Juzi mdogo kaniletea shati la shule, kifungo kimekatika: "Mama, nishonee." Nikashika sindano, mkono ukakataa. Akashonewa na baba yake.

Mume wangu hanigombezi. Anasema tu, "Si hadithi yako? Mfufue huyo mtoto, yaishe." Wasomaji nao wananiomba hivyo hivyo, wengine wananitumia ujumbe wa sauti huku wanalia. Shangazi, hilo usinishauri. Mama yangu na wenzake hakuna aliyewafufulia mtu wao. Nikimrudisha huyu mtoto nitakuwa nimewadanganya.

Nimewatafuta waliopita njia hii. Charles Dickens, yule Mwingereza, alipokaribia kukiandika kifo cha Nell, msichana wa kwenye riwaya yake, wasomaji walimwandikia wakimsihi amwache hai. Januari 1841 alimweleza rafiki yake John Forster kuwa vidonda vya zamani vinatoka damu upya, kwamba ni kana kwamba Mary kafa jana. Mary alikuwa shemeji yake, aliyefariki 1837 akiwa na miaka 17. Hapo nilielewa kwamba hata mimi simlilii mtoto wa riwaya peke yake. Na Gustave Flaubert wa Ufaransa, alipoandika mhusika wake akinywa aseniki, aliisikia ladha ya sumu mdomoni hadi akatapika chakula cha jioni. Yote hayo nimeyasoma. Ila sijaona popote walifanyaje kesho yake asubuhi, watoto wanapotaka uji.

Kinachonielemea zaidi ni kwamba msiba huu hauna wa kunipa pole. Mtu akifiwa majirani wanajaa, wanapika, wanalala naye mkekani, hata siku ya kuanua tanga ikifika anajua sasa inabidi anyanyuke. Mimi nimekaa na wangu peke yangu. Na mazishi bado sijayaandika. Baba wa mtoto yuko safarini, hajaambiwa.

Je, niandike yote yaliyobaki kwa mkupuo, au nisimame kwanza nipumue? Wasomaji wameshalipa, na naogopa nikisimama sitarudi tena. Nimwambie mama ninachoandika, maana huzuni hii ni yake kuliko yangu, au nitamtonesha tu? Nimefikiria pia kwenda kwa mtu wa ushauri nasaha, lakini nitaanzia wapi kumweleza kwamba aliyekufa hakuwahi kuzaliwa? Kama kuna mwandishi anayesoma hapa na amewahi kumzika mhusika wake akiwa bado ana familia ya kuihudumia, naomba naye anijibu.

Mama wawili, Mwanza