Mheshimiwa Waziri, naomba tu kipande cha kijana wangu

Mheshimiwa Waziri wa usalama, salamu kwanza. Natumai wewe na familia mko salama, sisi huku Eastleigh tuko hivyo hivyo tu.

Alhamisi usiku kijana wangu alikuwa anafunga duka, wakashuka wanaume wanne kwa gari halina namba, toa kipande, yaani kitambulisho, akatoa, wakatia mfukoni na simu yake juu wakaenda. Nimezunguka stesheni tatu na kila mahali naambiwa si sisi mama.

Sasa kukaa kwa benchi kunampa mtu muda wa kufikiria. Vita hivi vya ugaidi ni vya nani? Sikatai, 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa Nairobi na wengi walikuwa Wakenya wenzangu, na shambulio la Westgate 2013 nililia kama nyinyi. Lakini naona wakubwa wamepata pa kupigia hema. Mmarekani ana wanajeshi kambi ya Manda Bay kule Lamu, alipigwa na al-Shabaab Januari 2020 akapoteza watu watatu na hakuondoka, 2024 akatupa cheo cha mshirika mkuu nje ya NATO, asante. Mchina naye mitambo ya kamera za mjini ni ya kampuni yake Huawei, reli ni mkopo wake, na Djibouti alifungua kambi ya jeshi 2017 kilomita chache tu kutoka ile ya Mmarekani. Kila mmoja anasema anatulinda, mimi naona wanachungana wenyewe, na serikali inapokea kwa mikono miwili (hapo sikulaumu sana, mkono mtupu haulambwi).

Ila mfadhili lazima aonyeshwe kazi, ama? Nadhani ndio maana lazima mtu ashikwe, na wa kushikwa ni yule yule wa Eastleigh. 2014 watu wetu Wasomali walikamatwa wakajazwa uwanja wa Kasarani. Juzi juzi afisa akaja baraza akatuahidi mwenye kitambulisho asiogope, tukapiga makofi hata, sasa kitambulisho ndio hicho kimechukuliwa.

Na hizo kamera zote mheshimiwa, hakuna hata moja iliona hilo gari?

Kijana anafaa kwenda Mombasa kuchukua mzigo, bila kipande ataambia nini watu wa roadbloki, na jina lake unalijua lilivyo. Simu wakae nayo. Kipande tu, mheshimiwa. Hata wakikirusha chini ya mlango wa duka usiku, sitauliza ni nani.