Mgonjwa wa ini aelezwe nambari za damu yake

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoanza kufundisha, na ni miaka 11 sasa sijakuandikia neno. Ile taarifa mliyoichapa majuzi kuhusu vipimo vya damu vinavyoonyesha ni nani, kati ya waliotibiwa saratani ya ini, atakayeishi muda mrefu na ni nani atakayetangulia, imeninyima usingizi kwa siku tatu. Sina ugomvi na sayansi yenyewe. Kilichoniudhi ni kwamba mmeiandika kana kwamba damu ya mtu imebeba tarehe ya kufa kwake, na kazi ya maabara ni kuisoma tu.

Haya niliyajua kwa kulazimika. Kwa miongo mingi madaktari wamewapanga wagonjwa wa ini kwa alama za Child-Pugh, zinazochanganya vipimo vitatu vya damu na mambo mawili ambayo daktari huyakadiria mwenyewe, yaani maji tumboni na kuvurugika kwa fahamu kunakoletwa na ini lililochoka. Mwaka 2015 ukachapishwa utaratibu uitwao ALBI, ambao unatumia vipimo viwili tu: albumini, protini inayotengenezwa na ini, na bilirubini, ile rangi inayoyafanya macho kuwa manjano ini linaposhindwa kuiondoa. Kuna pia AFP, protini ambayo mtoto huwa nayo kwa wingi akiwa tumboni mwa mamake na ambayo saratani ya ini mara nyingi huanza kuitengeneza upya, ingawa takriban theluthi moja ya wagonjwa haiwapandi. Mwaka 2022 wakaja wataalamu na alama za CRAFITY kwa wanaopewa dawa za kuamsha kinga ya mwili: alama moja ikiwa AFP imefika nanogramu 100 kwa mililita, na nyingine ikiwa CRP, protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, imefika miligramu 1 kwa desilita. Vipimo hivi vina manufaa makubwa, kwa sababu vinamsaidia daktari kujua kama ini lina nguvu ya kuhimili tiba anayoikusudia. Lakini miezi inayotajwa kando ya kila alama ni ya katikati: nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya kuifikia, nusu wakaipita, na baadhi yao wakaipita kwa mbali sana. Taarifa yenu ilikuwa na nafasi ya picha kubwa ya chupa za damu, ila sentensi hiyo moja haikupata nafasi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi wa Mtongwe. Aligunduliwa kuwa na saratani katika sehemu mbili za ini, baada ya kuishi na homa ya ini aina ya B kwa miaka ambayo hakuna aliyeijua idadi yake. Alitibiwa kwa kupitishiwa mrija katika mshipa wa paja hadi kwenye ini, dawa ikapelekwa palipo na uvimbe, kisha mshipa unaoulisha ukazibwa. Siku aliyorudi kupimwa damu alikuwa anachechemea, kwa maana wiki iliyotangulia alichomwa mguuni na mwiba wa samaki na kidonda kilikuwa kinatoa usaha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mguu. Katika dirisha la kutolea majibu, mbele ya foleni ya watu, kijana mmoja aliiangalia karatasi, akaona CRP na chembe nyeupe zimepanda, akapiga hesabu kwenye simu yake na kumwambia, "Mzee, watu wa alama hizi huwa hawazidi miezi minane." Kaka yangu akamjibu, "Ahsante, mwanangu," akaikunja karatasi, na tukavuka feri ya Likoni bila yeye kufungua kinywa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameiuza mashua yake kwa bei ya kutupa, amewagawia wapwa zetu nyavu, na ametuarifu kwamba tiba ya pili aliyopangiwa haendi, kwa kuwa pesa hizo zitafaa matanga. Ilituchukua wiki saba kumbembeleza. Daktari mmoja, ambaye namwombea heri hadi leo, alirudia vipimo kidonda kilipokwisha kupona: CRP ilikuwa imeshuka, na AFP ilikuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa kabla ya tiba. Tangu siku ile ya dirishani kaka yangu aliishi miaka 2 na miezi 4. Aliishi bila mashua, akiwatazama wenzake wakitweka asubuhi.

Hata hizo karatasi za majibu zina matatizo yake. Maabara moja huandika albumini 35 kwa sababu inapima kwa gramu katika lita, nyingine huandika 3.5 kwa sababu inapima kwa gramu katika desilita. Damu ni ileile, na nimemwona mama mzima akilia akidhani ini la mwanawe limeporomoka mara kumi. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na karatasi nyingine hufifia kwa joto la Mombasa hata miezi miwili haijatimia, kisha mgonjwa anaulizwa, "Majibu ya zamani yako wapi?" Na kwa kuwa watoto wa Kenya walianza kuchanjwa homa ya ini aina ya B mwaka 2001, sisi tuliozaliwa kabla ya hapo twahitaji kupimwa mapema, kabla hatujafikia kuhesabiwa miezi.

Pendekezo langu ni hili. Kila mgonjwa wa saratani ya ini apewe daftari la kurasa 32, kama ile kadi ya kliniki ya mtoto, lenye safu za tarehe, albumini, bilirubini, AFP na CRP, kila moja na kizio chake, na safu ya mwisho yenye swali kwa Kiswahili: je, siku hii mgonjwa alikuwa na homa, jipu au kidonda? Tena asiambiwe habari ya miezi akiwa amesimama. Pawe na kiti, mlango unaofungika, jamaa yake mmoja, na daktari atakayemweleza nusu zote mbili.

Nanyi naomba mchape sentensi ile iliyokosekana, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Mkihitaji mfano wa daftari, nitawaletea la kaka yangu, nililomchorea kwa rula baada ya kisa kile. Kurasa 19 zimejaa.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa