Ukitumia vepu na sigara zote mbili, bado hujaacha

Mhariri,

Kwa muda sasa hapa kwenye barua za wasomaji watu wanabishana kuhusu vepu, yaani sigara ya kielektroniki, huyu anasema ni sumu mbaya kuliko sigara yenyewe, yule anasema ule ni mvuke tu hauna neno, na naona wote wamemsahau mtu mmoja ambaye watumiaji wengi wa vepu wako hivyo. Yule mwenye pakti mfuko huu na vepu mfuko ule. Ndani anavuta vepu kwa sababu haina harufu, akitoka nje anawasha sigara, jioni akikaa na washkaji anapiga zote, ukimuuliza anakwambia aah mi napunguza taratibu. Nimevuta sigara miaka mingi, nikahamia vepu, na sasa hivi hata vepu sivuti, kwahiyo hapa naongea na wenzangu kabisa, siwasimangi, nataka tu waambiwe ukweli mzima.

Ukweli wa kwanza ni kwamba mwuaji ni moshi. Tumbaku ikishaungua inatoa kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha kansa, halafu kuna lami inayoganda kwenye mapafu na kuna kaboni monoksidi ambayo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Nikotini ndo inayokufunga usiweze kuacha, inapandisha presha na mapigo ya moyo, kwa mjamzito inamdhuru mtoto tumboni na kwa kijana inaharibu ubongo unaokua, kwahiyo sisemi ni kitu chema, ila siyo yenyewe inayoleta ile kansa ya mapafu. Vepu haichomi kitu. Ndani kuna koili inapashwa moto na betri, inageuza mvuke kile kimiminika cha propilini glikoli na gliserini pamoja na flava na nikotini. Mfamasia wa China aitwaye Hon Lik ndiye aliyeitengeneza ile ya kisasa mwaka 2003, mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa na baba yake alifariki kwa kansa ya mapafu. Yaani tangu mwanzo wazo lilikuwa hiki kiingie, sigara itoke. Haikutengenezwa ili uwe navyo viwili.

Sasa huyu wa viwili anaamini akitoka sigara 20 kwa siku akabaki na 3 au 2 basi hatari nayo imeshuka hivyo hivyo. Kwa upande wa kansa kidogo ana hoja, kule idadi na miaka vinahesabika. Kwa moyo hapana, hapo ndipo watu wanapoumia bila kujua. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja, wakakuta mtu anayevuta sigara MOJA tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayoibeba mtu wa sigara 20. Sigara moja tu jamani. Kwahiyo ile ya baada ya kula ambayo mtu anasema hii tu siwezi kuiacha, ndo hiyo hiyo inayomshikilia, na vepu anayovuta siku nzima haijamfutia hiyo hatari.

Na kuna ile namba inayozunguka kila mahali, asilimia 95. Ilitoka kwenye ripoti ya mamlaka ya afya ya umma ya England mwaka 2015, walikadiria vepu ina madhara pungufu kwa kiasi hicho ukilinganisha na sigara, na wataalamu wengine wakaipinga wakisema ushahidi wake haujatosha. Mi sitaki kubishana na namba, nataka tu watu waelewe ililinganisha nini na nini, ni vepu PEKE YAKE na sigara peke yake. Aliye navyo viwili hayumo kwenye hiyo hesabu kabisa, halafu ndo yeye anayeitaja kuliko wote!

Kwa nini watu wanakwama katikati? Kwa ninavyoona mimi wengi wanaanza na nikotini ndogo sana kwa kuogopa, wakati mwili umezoea sigara, na sigara inafikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Arosto ikibana anaona hii vepu haifanyi kazi, anawasha sigara. Bora aanze na nguvu inayotosha, achague siku, sigara zikome siku hiyo zote, ndo baadaye ashushe nikotini polepole. Na asifanye peke yake kama kuna pa kupata msaada. Kuna utafiti wa England uliotoka mwaka 2019, watu 886 waliotaka kuacha, nusu wakapewa vepu na nusu plasta, bablishi na dawa zingine za nikotini, wote wakawa wanapata ushauri kila wiki kwa wiki za mwanzo. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa wameacha sigara ni asilimia 18 kwa vepu na 9.9 kwa wale wengine. Karibu mara mbili, ni kitu kikubwa, ila ona pia wengi walishindwa hata na vepu na ushauri juu, kwahiyo aliyejaribu akashindwa asidharauliwe, ajaribu tena au aende kwenye njia zingine, kuna dawa kama vareniklini ambazo daktari anaweza kumwandikia.

Kitu kingine sijawahi kukiona gazetini na kinawarudisha watu wengi kwenye sigara ni KAHAWA. Moshi wa sigara unafanya ini lisage kafeini haraka, siyo nikotini, ni moshi wenyewe. Ukiacha moshi ukahamia vepu ini linapunguza kasi, sasa vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, unasema vepu ndo inaniua, unarudi kwenye sigara na kweli unajisikia nafuu. Punguza kahawa tu kwanza. Na hili ni zito zaidi kwa wanaotumia dawa fulani, mfano klozapini ya wagonjwa wa akili au theofilini ya pumu, dozi inaweza kuwa kubwa mno ghafla mtu akiacha sigara, lazima amwambie daktari wake kabla.

Kwa walioacha sigara na wamebaki na vepu, nawaombea msiwatishe. Mwaka 2019 kule Marekani watu waliokuwa wanavuta vepu waliugua mapafu, hadi Februari 2020 walikuwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufariki na vifo 68, habari zikaenda dunia nzima kwamba vepu inaua, lakini chanzo kikubwa kilikuja kuonekana ni vitamini E asiteti iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vya mitaani. Sehemu hiyo ya pili wengi hawakuisikia. Nawajua waliotupa vepu kwa hofu hiyo wakarudi kwenye pakti, inauma sana. Kwenye ule utafiti wa England, kati ya walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavepu baada ya mwaka, na hilo nalo siyo la kufurahia, mwisho ni kuacha vyote maana hii kitu haijamaliza miaka ya kutosha tuone itafanya nini kwenye mapafu ya mtu aliyeivuta miaka 40. Lakini ashuke ngazi kwa ngazi, akiona sigara inamwita tena asimame hapo hapo alipo, asikimbilie.

Aliyeacha sigara kavu kavu, bila msaada wa chochote, asiiguse vepu. Ameshamaliza kazi, anaanza nikotini upya ya nini? Na ambaye hajawahi kuvuta kabisa, hasa watoto wa shule wanaovutwa na flava za pipi na matunda, hapo sina mjadala, wazuiwe.

Ombi langu mhariri, kwenye ukurasa wa afya muiteni mfamasia aeleze zile namba za nguvu ya nikotini, kwa sababu chupa nyingine imeandikwa miligramu kwa mililita na nyingine imeandikwa asilimia na watu wanachanganya. Miligramu 20 kwa mililita, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa nchi za Umoja wa Ulaya, ni sawa na asilimia 2. Mtu anayetaka kupunguza akiona 5% anadhani ameshuka kutoka 20 hadi 5, kumbe amenunua ya miligramu 50.

Msomaji wenu wa siku nyingi